Naona Mgeni

Tunduma,
8 Juni 2024

Shangazi mpendwa Gwantwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na jino lako limetulia. Huku kwa mama mdogo Ketrina tuko salama, ila vumbi la malori limetukausha midomo. Foleni ya kuvuka mpaka imefika mbele ya duka letu, na madereva wanashuka kuuliza bei za vitenge ambavyo hawatanunua. Kazi yangu ni kuita wateja. Wenzangu wa maduka ya jirani wanawasalimu akina mama kwa Kibemba na kuwaita, "Mulishani, bamayo, karibu!" Mimi nasimama mlangoni nimeshika kitenge. Jana mama mdogo alisema, "Edina, hata sanamu ya kuvalishia nguo ina uchangamfu kukuzidi." Wateja walicheka. Na mimi nilicheka, lakini bila sauti.

Mtihani wa kidato cha sita nimeumaliza, matokeo bado.

Sasa lililonifanya niandike. Wiki iliyopita mama alishuka huku, akasema amekuja kununua sabuni. Shangazi, sabuni ipo hata huko kwetu Ibaba. Alilala kwetu. Siku ya kuondoka, tukisubiri gari, ndipo akaniambia kwamba ukoo ulikaa kikao cha kuchagua msimamizi wa mirathi ya baba, na kabla hakijaanza mtu mmoja alisema, "Naona mgeni." Wote wakamtazama yeye. Akanyanyuka, akaenda jikoni kuwapikia. Nilimuuliza ni nani aliyesema. Akajibu, "Gari limefika." Gari lilikuwa halijafika.

Najua kikao hicho hakikumaliza kazi na kwamba kitakaa tena. Najua pia kwamba baba mkubwa Asajile anautaka usimamizi, na watu wanaoshuka kutoka kwetu wanasema ameshamwonyesha mnunuzi mmoja wa kahawa wa Mlowo mipaka ya shamba letu. Shamba likienda, nyumba iliyomo ndani yake inaenda nalo. Mama ataishi wapi? Amekaa hapo tangu kabla sijazaliwa.

Wewe ni binti wa ukoo, ulikuwa ndani. Ni nani alisema neno lile? Sikupiga simu kwa sababu simu unayotumia ni ya baba mkubwa, naye huiweka sauti kubwa ili wote wasikie. Na hata angekuwa hayupo, kwenye simu maneno yananikwama. Barua hii nampa Jastin, dereva wa Noah ya Itumba, mkononi.

Mwanao,
Edina


Ibaba, Ileje,
16 Juni 2024

Edina mwanangu,

Marahaba. Jino lilitoka lenyewe nikitafuna hindi la kuchoma, kwa hiyo usilisalimie tena. Baridi ya mwaka huu inauma, ukungu hauondoki hadi jua liwe juu kabisa. Mbuzi wa marehemu baba yako amezaa mapacha, mmoja mweusi hana hata alama. Kahawa imeanza kuwa nyekundu. Mama yako anachuma peke yake upande wa bondeni na hajalalamika kwa mtu.

Umeniuliza habari za kikao. Mambo ya kikao hayatoki nje, wewe msomi unajua. Nitasema yale tu ambayo hata watoto huku wanayaigiza wakicheza. Mwenyekiti wetu ni babu yako Mbonile, mdogo wa marehemu babu yako Yesaya. Hasikii vizuri. Asajile anakaa karibu na sikio lake, anamwambia kilichosemwa, na mara nyingine anamwambia kabla hakijasemwa. Mwisho Asajile anauliza, "Wote tumekubaliana?" Tunaitikia ndiyo. Kazi yetu ndiyo hiyo.

Desturi ya mgeni haikuanza kwa mama yako. Ardhi ikitajwa, mke aliyekuja kwa ndoa hutoka. Mjumbe yeyote akisema "naona mgeni", hakuna kuuliza kwa nini. Hata mimi kule Isongole nilikoolewa, mume wangu alipofariki nilitolewa hivyohivyo, nikarudi hapa na godoro langu. Baba yako akanipa chumba. Alipofariki naye, Asajile alisema dada wa ukoo haishi kwa mjane, akanihamishia kwake, nyuma ya stoo ya mbolea. Usiniulize kama ninapapenda.

Na wewe je? Wewe ni damu ya kaka yangu Isaka. Siku ya mazishi ulijificha nyuma ya ghala, watu waliokuja kutoa pole wakakutafuta mpaka wakachoka. Kikao kijacho njoo mwenyewe uulize maswali yako. Mdomo unao.

Bahasha zangu nashona kwa uzi mwekundu. Ikikufikia ina kitu kingine, ujue.

Shangazi yako,
Gwantwa


Tunduma,
30 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa jino na hongera kwa mbuzi. Mama mdogo anakusalimu. Amenihamisha mlangoni na kuniweka ndani kukunja vitenge, anasema huko sitafukuza wateja.

Hukujibu nililouliza. Lakini umenijibu jambo lingine bila kukusudia, na nimeshindwa kulala kwa kulifikiria.

Shuleni mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za Bunge la Koloni la Rasi, kule mwisho wa Afrika kusini, lililoanza kukaa mwaka 1854. Mimi nilikuwa katibu wa klabu ya midahalo. Niliandika wanachosema wengine, ndiyo maana sikuwahi kusimama. Lakini nilisikiliza. Mabunge ya makoloni yaliiga mengi kutoka Bunge la London, na London mtu asiye mbunge, hata akikaa kimya kwenye viti vya watazamaji, aliitwa mgeni. Mbunge mmoja tu akisema "naona wageni", Spika aliamuru wote watoke, pamoja na waandishi wa magazeti. Hakuna kuuliza kwa nini. Shangazi, ni maneno yaleyale! Wazee wetu na wale wabunge hawajawahi kuonana hata siku moja.

Ila wale wa London walibadilisha. Mwaka 1875 mtoto wa Malkia mwenyewe alikuwa amekaa kule juu akitazama. Mbunge mmoja mkorofi akasimama akasema anaona wageni. Mwana huyo wa mfalme akalazimika kutoka pamoja na watu wa kawaida. Haikupita muda mrefu wakakubaliana kwamba mtu mmoja asitoshe tena, bali Spika aliulize bunge zima kwanza kama wageni watoke au wabaki. Sijui kila koloni lilifuata lini. Ninachojua ni kwamba hata desturi ya mfalme inaweza kuulizwa.

Kuna lingine. Kule Rasi sheria ya kwanza ilisema mwanamume mwenye mali ya pauni ishirini na tano apige kura, awe mweusi au mweupe. Wanawake hawakutajwa kabisa. Waafrika walipoanza kuwa wengi kati ya wapiga kura, bunge likapitisha kwamba ardhi inayomilikiwa kwa pamoja haihesabiki kuwa mali ya mtu. Kisha mwaka 1892 likapandisha pauni hadi sabini na tano. Hakuna aliyefukuzwa kwa jina. Walipandisha kizingiti tu, na aliyekuwa anaingia akajikuta nje.

Jastin ananiambia baba mkubwa amesema kikao kijacho watakuwa na sauti wale wenye miji yao tu, yaani wanaoishi kwenye nyumba zao wenyewe. Shangazi, wewe unalala nyuma ya stoo ya mbolea. Kizingiti hicho kimepandishwa kwa ajili ya nani?

Naomba unijibu lile la kwanza.

Mwanao,
Edina


Ibaba,
21 Julai 2024

Kwa Edina Isaka,

Mimi shangazi yako Gwantwa binti Yesaya ni mzima. Familia yote ni nzima. Baba yako mkubwa Asajile ni mzima na anakusalimu. Barua yako ilifika na imesomwa. Ukoo una utaratibu wake, ambao si wa wazungu wala wa Rasi. Mtoto wa kike aliye chini ya wazazi hawashauri wazee. Msimamizi wa mirathi atachaguliwa tarehe 31 Agosti. Wenye miji yao watakaa. Watoto hawahitajiki kuja. Usiandike tena mambo hayo, soma vitabu vya maana.

Ni mimi,
Gwantwa binti Yesaya


Tunduma,
25 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe baba mkubwa, maana najua unasoma hapa. Bahasha ya shangazi haikuwa na uzi mwekundu. Ilibandikwa kwa ugali, na ugali umekauka ukiwa na alama ya kidole kipana.

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili. Mama mdogo amechinja kuku na kuwatangazia hata madereva walio kwenye foleni, mimi nikiwa nimejifungia stoo.

Baba mkubwa, sina ugomvi na wewe. Nilipougua surua ulinibeba mgongoni hadi zahanati, na mvua ilikuwa inanyesha. Sijasahau. Nina swali moja tu, na unaweza kulisoma mbele ya watu wote. Baba alipokuwa hai, mama yangu alikuwa mwenyeji au mgeni? Kama alikuwa mwenyeji, aligeuka mgeni siku gani?

Mwanenu,
Edina


Ibaba,
4 Agosti 2024

Edina,

Barua hii imo katikati ya viazi. Mwambie Ketrina asimwage gunia kwa hasira kama kawaida yake.

Ile ya tarehe 21 ilikuwa mkono wangu, maneno hayakuwa yangu. Alisimama nyuma yangu nikiandika. Barua yako ya bunge aliichukua kwa Jastin, akamwambia, "Mimi ndiye baba yake sasa, lete." Jastin ni kijana, angefanyaje? Asajile akaenda nayo kwenye mashine ya kumenya kahawa, akawasomea watu yote, mwana wa mfalme, pauni na stoo yangu ya mbolea. Walicheka mpaka mashine ikasahauliwa, ikameza maganda. Tangu siku hiyo mama yako akipita wanamwita Mheshimiwa Mgeni. Yeye anaitika. Juzi alimjibu mmoja, "Mheshimiwa ameshajaza debe mbili. Wewe umejaza nini?"

Barua yako iliyofuata hakuwasomea watu. Aliisoma peke yake, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Jioni hakumaliza chakula. Kesho yake ndipo akasema mbele ya watu waliokuja kupima kahawa, "Huyu binti anaandika kama wakili, lakini akisimama mbele za watu anameza ulimi. Siku atakayonisomea maneno yake kwa mdomo wake mwenyewe, nitasaini chochote." Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nimeyaweka, na wewe yaweke.

Sasa niambie. Watu wa Rasi walipigaje kura? Huku Asajile akiuliza kama tumekubaliana, anatupitia usoni mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja wetu ana kitu kwake. Huyu analima kwenye ardhi yake, yule mtoto wake anasomeshwa naye. Godoro langu mimi liko chini ya bati lake. Ukisema hapana leo, kesho unaamkia wapi?

Mama yako hajui kama nakuandikia. Ananisalimia vizuri tu, hata ananiletea moto asubuhi wangu ukizimika. Anavyonisalimia vizuri ndivyo ninavyoumia.

Lile lako la kwanza usiniulize tena.

Gwantwa


Tunduma,
11 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Viazi vimefika, vimetupa raha. Mama mdogo alimwaga gunia kwa hasira, lakini barua niliiwahi. Hii nimeikunja ndani ya kitenge cha mama, na Jastin ameapa kwamba safari hii atampa mama mwenyewe, naye atakupa. Amejuta sana.

Umeuliza walivyopiga kura. Kwa miaka mingi ilikuwa kwa sauti. Mtu alikwenda mbele ya msimamizi wa uchaguzi akataja jina la anayemtaka, na bwana wake aliyemwajiri au aliyempangisha angeweza kusikia. Kwa hiyo si Ibaba tu. Kura ya siri ililetwa na sheria ya mwaka 1892. Lakini kumbuka, sheria hiyo ndiyo ileile iliyopandisha pauni, na ikadai pia mtu aweze kuandika jina lake, anapoishi na kazi yake. Walileta jambo jema na baya katika karatasi moja, ili anayelitaka jema alimeze na lile baya. Nakuomba mkipewa siri msikubali kizingiti. Yaulizwe mbalimbali.

Nimewaza hivi. Kila mjumbe apewe punje ya mahindi na punje ya harage. Harage liwe "abaki", hindi liwe "atoke". Kila mtu aingize mkono kwenye debe lililofunikwa kitambaa, aache moja, na nyingine aifiche.

Umeniambia nije. Nakuuliza kwanza kama wataniruhusu. Umeniambia nisikuulize lile la kwanza. Sitakuuliza.

Mwanao,
Edina


Ibaba,
1 Septemba 2024

Edina mwanangu,

Marahaba kwa shikamoo zote ulizotuma na utakazotuma. Mbuzi mweusi amekufa, mwenzake yupo. Kahawa ya bondeni imekwisha. Mimi ninaandika nikiwa kwa mama yako, kitandani kwako, godoro langu liko sakafuni. Nitakueleza lilivyofika.

Kuja kwako sikukujibu, kwa kuwa Asajile alishasema watoto hawahitajiki. Kwanza, debe halifai. Nilijaribu usiku wa kuamkia kikao: harage likianguka kwenye bati linalia tofauti na hindi, na Asajile ana masikio ya paka. Nikachukua chungu, nikaweka unga ndani. Kitu kikianguka kwenye unga hakisemi.

Tulikaa sebuleni kwa Asajile. Yule mnunuzi wa Mlowo alikuwa amekalia kochi kubwa, karibu na babu Mbonile, amevaa koti la ngozi na chai ameshapewa. Asajile akasema ni shahidi. Mama yako alikaa karibu na mlango, juu ya mkeka. Asajile akafungua kwa kusema kwamba safari hii sauti ni ya wenye miji yao, na tuanze na mambo ya ardhi. Aliposema ardhi, akageuka akanitazama mimi. Hakumtazama mtu mwingine, Edina. Alikuwa ananisubiri nifanye kazi ileile ya kikao cha kwanza.

Nikasimama. Nikasema, "Naona mgeni."

Mama yako akaanza kufunga khanga yake ili atoke. Nikamwambia, "Kaa, wifi. Si wewe. Namwona yule wa kwenye kochi."

Babu Mbonile akauliza, "Anasema nini?" Asajile akamwambia, "Anasema tuanze." Nikaenda mpaka kwenye sikio la babu nikapiga kelele mpaka kuku wakatoka. Babu akamgeukia yule mtu, "Wewe ni mtoto wa nani?" Akajibu, "Mimi ni wa Mlowo, mzee." Babu akasema, "Sikukuuliza gari ulilopanda. Nimekuuliza baba yako." Watu wakaanza kuguna kwa kicheko.

Asajile akasema, "Nimeshasema huyu ni shahidi."

Nikamjibu, "Na wifi yangu Roda ni shahidi. Amemshuhudia Isaka tangu anamwoa hadi anamfumba macho."

Ndipo akaniuliza polepole, kwa sauti ile ya utotoni alipokuwa anakaribia kunipiga, "Gwantwa. Unalala kwa nani?"

Nikasema, "Nalala kwako, kaka. Na bado naona mgeni."

Sasa ikawa vurugu. Mmoja akasema desturi ni desturi, wageni wote wawili watoke. Mwingine akasema, si ilisomwa kwenye mashine kwamba Spika lazima aulize bunge? Umeona, Edina? Asajile mwenyewe ndiye aliyewafundisha, akidhani anawachekesha. Nikamweleza babu sikioni kwamba anayeuliza ni yeye, si Asajile. Akashangaa kabisa. "Mimi? Mbona hamkuniambia miaka yote hii?" Akajiweka sawa kwenye kiti, akamsogeza Asajile kwa kiwiko. Kwanza akasema habari ya wenye miji hataki kuisikia, kizingiti kibaki pale alipokiacha kaka yake Yesaya. Kisha akaagiza kile chungu nilichokuwa nimemweleza.

Babu alitafuna hindi lake la kwanza, ikabidi apewe lingine. Tulipiga kura ya yule wa Mlowo, tukachekecha unga, na karibu punje zote zilizobaki juu ya chekeche zilikuwa mahindi, yaani atoke. Alitoka akisema atasubiri nje, tukasikia pikipiki yake ikishuka. Tukarudisha unga, tukauliza la mama yako. Wakati huu mikono ilikaa ndani ya chungu muda mrefu. Nilichekecha mimi, unga ukanimwagikia miguuni. Maharage yalizidi, Edina. Si kwa mengi, lakini yalizidi. Mama yako hakupiga kigelegele wala hakulia. Alivuta mkeka wake kutoka mlangoni akausogeza katikati ya chumba. Basi.

Usimamizi tuliupigia kura vilevile, mama yako na Asajile, na akaupata mama yako.

Lakini haijaisha. Muhtasari wa kikao lazima usomwe na kusainiwa kabla ya kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Asajile amekataa kusaini. Bila saini ya kaka wa marehemu patakuwa na pingamizi, na mama yako hana nguvu za kwenda na kurudi mahakamani mwaka mzima huku shamba limefungwa. Tukamkumbusha alichosema mbele ya watu wa kahawa. Akatoa barua yako kwenye mfuko wa shati, bado anayo, akaitazama. Akasema, "Nilisema, na sirudi nyuma. Aje asome muhtasari wote mbele yangu, kwa mdomo wake, na wala asisaidiwe na mtu. Akishindwa, tutaonana mahakamani." Anaamini hutaweza. Wengi wanaamini hivyo.

Kikao ni tarehe 14. Muhtasari niliuandika mimi kwa penseli, nakutumia uupange vizuri. Jina la mama yako niliwahi kuliweka chini, kwa waalikwa, mkono ulikwenda wenyewe. Nimelifuta nikaliweka juu, kwa waliohudhuria. Alama ya kufuta utaiona, karatasi imechubuka.

Jioni ile nilikuta godoro langu limewekwa uani. Kabla sijaliinua, mama yako alikuwa ameshashika upande wa pili. Tulilibeba hivyo hadi hapa.

Shangazi yako,
Gwantwa


Tunduma,
8 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na mpe mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Pole kwa mbuzi. Mama mdogo anasema godoro lako lisikae sakafuni, atakutumia mbao za kitanda kwa gari la Jastin.

Nimenakili muhtasari wote kwa kalamu, kwenye karatasi mpya. Jina la mama liko kwa waliohudhuria, pale ulipoliweka. Alama ya kufuta haipo tena. Karatasi ile ya penseli tumewashia jiko.

Tangu Jumatatu naamka kabla ya mama mdogo, nasoma muhtasari stoo, mbele ya vitenge. Siku ya kwanza nilifika kwenye jina la baba nikashindwa kuendelea. Jana nilifika mwisho, ila mama mdogo alisema alikuwa nyuma ya mlango na hakusikia hata neno moja. Leo asubuhi nilitoka hadi barabarani. Malori yalikuwa yamesimama mpaka juu kwenye kilima. Nikashika kitenge nikaita, "Mulishani, bamayo, karibu!" Sauti ilitoka ndogo, halafu ikakatika, halafu ikatoka tena. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwenye ndoo kichwani, akageuka. Hakununua. Lakini aligeuka.

Nitapanda gari la Jastin tarehe 13. Niwekee kiti mbele ya baba mkubwa, nisije nikatafuta nyuma ya ghala.

Nakuomba jambo moja. Huenda nikafika katikati nikanyamaza. Watu watacheka, na baba mkubwa atafungua mdomo aseme nimeshindwa. Wewe usinisemee. Mama asinyanyuke kwenda jikoni. Mkae tu, mnisubiri.

Mwanao,
Edina